Fuwele Ilibadilika, Mama Hakungoja

Asubuhi hii Bi Kibano hapumui. Amekiinamia kibati cha shaba juu ya meza, na kwenye ncha ya kibano chake kuna fuwele nyeusi isiyozidi punje ya mchele. Akipiga chafya tu, kazi ya miezi imekwenda na maji.

Anaiweka. Anaibana. Ndipo anashusha pumzi.

"Wenzangu wana watoto wa kubeba," anasema. "Mimi nina kidude hiki, na hakitaki hata kuguswa."

Jina la utani la Bi Kibano alipewa na wenzake katika maabara hii isiyo na dirisha, ambako kazi yake ni kuotesha fuwele kwenye tanuri na kuzichunguza kwa eksirei. Fuwele zake zina vituko. Zikiwa baridi hazipitishi umeme, sawa na mpira. Zikipashwa hadi joto la chai, ghafla zinaupitisha kama chuma.

"Tunazipiga kwa eksirei, tunaangalia nishati ipi imemezwa na ipi imepenya," anaeleza. "Hapo tunajua elektroni zimebanwa vipi. Swali ni nani anayezifungulia: ni zenyewe kusukumana, au ni atomi kuhama mahali pake?"

Mashine yenye eksirei kali za kutosha iko mbali, na maabara nyingi zinaigombea. Zamu huja mara moja kwa mwaka. Mwaka jana iliangukia wiki ambayo mama yake mzazi alizidiwa.

Kaka yake, fundi seremala aliyekuwa akimuuguza mama, alimpigia simu. "Njoo sasa. Mama anakutaja."

"Kaka, nivumilie kidogo. Nikimaliza hapa naja moja kwa moja."

"Kwani hilo jiwe litakimbia?"

Fuwele hizi zikibadilika mara kwa mara hupasuka, na aliyokuwa nayo ilikwishaanza kuonyesha ufa. Akabaki. Akaipasha taratibu, macho kwenye skrini, mpaka mchoro wa nishati ukahama.

"Nilipiga kelele za furaha," anasema, bila kumtazama mwandishi wa makala haya. "Niliona elektroni zinafunguka kabla atomi hazijahama. Simu ilikuwa kabatini, mle ndani hairuhusiwi."

Alipoitoa, mama alikuwa ameshafariki.

Mazishi aliyawahi. Kaka yake alimpokea mlangoni, mbele ya watu.

"Hongera," alimwambia. "Umeona mpaka ndani ya jiwe. Mama amekutafuta kwa macho mpaka yakafumba."

Tangu siku hiyo hajamsemesha tena.

Na matokeo yale? Bi Kibano anacheka, kicheko kikavu. Kabla hawajamaliza kuyaandika, maabara nyingine ilitangaza jambo hilohilo.

"Ningekwenda nyumbani, dunia isingekosa kitu," anasema. "Mimi ndiye niliyekosa."

Zamu ya mwaka huu imewadia, lakini amemwachia mwenzake aende na fuwele hii. Yeye ameomba likizo na kukata tiketi ya basi kwenda kwa kaka yake, ambaye ameshatuma neno kupitia mkewe kwamba asijisumbue, mlango hautafunguliwa.

"Basi nitakaa hapo nje mlangoni," anasema, akifunika kisanduku cha fuwele. "Yeye ni seremala, asubuhi lazima atoke kwenda kazini. Atanipita au atanikanyaga, lakini ataniona."