Ubani Juu ya Kompyuta

Kila nikisikia harufu ya ubani, vidole vyangu hutafuta vitufe vya kompyuta.

Mama alikuwa akichapa karatasi za watu pale barazani kwetu. Siku moja mteja alileta pendraivi yenye nyimbo za harusi, na virusi vyake vikafuta orodha ya watoto wa mtaa waliotakiwa kuandikishwa sekondari kesho yake. Fundi alisema hakuna cha kuokoa. Bibi akaja na chetezo cha ubani, akakizungusha juu ya mashine huku akisoma dua, mpaka macho yakatuwasha. Mama alimwacha amalize.

"Ahsante, mama," akamwambia Bibi. "Sasa nikusanyie sedula za watoto."

Bibi akapita nyumba hadi nyumba, akarudi na vyeti vya kuzaliwa vimejaa kwenye ungo. Mimi nikasoma majina, Mama akachapa upya.

Alasiri akatokea dereva wa mkuu wa posto, ofisi ya serikali ya tarafa yetu, na pendraivi mkononi.

"Ni ya shefe mwenyewe," alisema.

Mama hakuinua macho. "Hata iwe ya shefe, humu haiingii. Alete karatasi, asubiri kama wenzake."

Kisha akaniuliza, "Nani anafuata?"

Lilikuwa limebaki jina moja, langu. Nililisoma kwa sauti ile ile.