Sauti ya Mpishi Marcellin

Donatien wa Mulongwe hakuwa na cheo chochote, lakini Uvira nzima iliujua mdomo wake. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya shuka la sinema na kuwasemea watu wa kwenye picha, maana filamu zenyewe zilisema Kifaransa au hazikusema kitu. Kila mmoja alimpa sauti ya mtu anayejulikana mjini: huyu muuza mihogo, yule karani wa posta. Aliyeazimwa sauti hakununa. Alikalishwa kiti cha mbele, akapongezwa kana kwamba amepata mjukuu.

Uhuru ulipokuja, Wabelgiji wakafunga virago, na klabu yao ikaacha sanduku la filamu za katuni. Mweusi hakuwa akiingia klabuni humo ila na trei mkononi. Marcellin, baba yake Donatien, alikuwa mpishi pale. Mlango wa jikoni ulikuwa ubavuni mwa shuka, naye alikatazwa kugeuka kutazama. Alichopenda kusimulia ni jinsi wazungu walivyomfurahia: akitokeza na bia katikati ya picha, ukumbi mzima unamtazama na kuangua kicheko. Donatien alikua akikionea wivu kicheko kile. Basi akaahidi kwamba mtu wa kwanza wa kuchekesha katika katuni hizo atasema kwa sauti ya Papa, baba yake.

Jumapili iliyofuata mchana depo ya pamba ilifurika. Madirisha yalizibwa kwa magunia, rafiki yake Venant akaendesha mashine ya sinema, na mzee Marcellin akakaa mbele na koti lake la harusi. Paka akamkimbiza panya, panya akamtandika paka kwa kikaango, watu wakavunjika mbavu. Mara akatokea mpishi, amewapa mgongo, kavaa aproni nyeupe. Donatien hakungoja. Akakohoa kikohozi cha baba yake, akaburuta maneno kama yeye: "Nani iko anavuruga jikoni yangu?"

Watu wakapiga makofi. Mzee akainua mkono kuwashukuru.

Mpishi akageuka. Alikuwa mweusi kama masizi, midomo imekula nusu ya uso, macho yamemtoka, mikono inaning'inia magotini kama ya nyani. Akajikwaa, akatumbukia kwenye sufuria, akaanza kujilamba. Hakuna aliyecheka. Aibu ilimchoma Donatien, maana kitu kile kilikuwa kimekwisha kusema kwa sauti ya baba yake mbele ya mji mzima, na aliyekipa sauti hiyo ni yeye.

"Venant, zima," alisema.

"Asizime," Marcellin akasema. "Iache iishe."

Mzee aliitazama mpaka mwisho. Magunia yalipoondolewa madirishani, alimgeukia mwanawe. Hakuwa na hasira. Alikuwa amepigwa na butwaa.

"Kumbe ni hii walikuwa wanaangalia," alisema. "Minye naingia na bia, wanaangalia picha, wananiangalia minye, wanacheka. Nilizani wananipenda."

Akafunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine.

"Na minye nilikuwa nacheka nao."