Baba Ameisoma Blogu Yangu

Baba ameisoma blogu yangu leo, na hajui ni yangu.

Mtambo wa kutafuta blogu umeongezewa kitufe kipya. Unaandika jambo, kisha unachagua "zilizoandikwa karibu nawe". Mimi ndiye niliyemwonyesha Baba. (Msiniulize kwa nini.)

Akaandika "kung'oa kahawa", kwa sababu Jumatatu anataka kung'oa kahawa yetu yote apande avokado.

Blogu ya kwanza kutoka hapa kwetu Githongo ilikuwa yangu. Siandiki jina langu humo.

Aliisoma kwa sauti, polepole, mpaka pale nilipoandika kwamba baba yangu hajauliza mtu yeyote nyumbani.

Mama aliinamia kikombe chake cha chai. Yeye anajua.

"Huyu mzee ni mgumu," Baba akasema. "Kendi, wewe unajua kuandika. Mwambie huyo mtoto amwombe babake aache hata nusu."

"Na wewe je, Baba Kendi?" Mama akauliza.

Baba akatazama kahawa yake shambani.

"Sisi tutaongea kesho tukitoka kanisani."

Basi nimeandika maoni kwenye blogu yangu mwenyewe, nikijishauri nimwombe baba yangu.

Ungekuwa wewe, ungemwambia kabla ya kesho kwamba blogu ni yako?