Siku Niliyomwita Marehemu Akaitikia

Mimi ndiye yule katibu wa Nyeri aliyesoma jina la marehemu mkutanoni na marehemu akaitikia. Chekeni tu, nimezoea, hata mke wangu alicheka mpaka akakumbuka kwamba na yeye alikuwa kwenye yale mazishi, hapo akaenda kufunga dirisha. Aibu yangu ni kwamba hakuna aliyenituma. Nilijitakia mwenyewe, tena kwa sababu ndogo sana: nilipenda kuitwa Katibu.

Ilikuwa miaka kumi na kitu baada ya uhuru. Tulikuwa na chama cha kutetea haki za raia, viongozi saba, ofisi yetu chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na kazi yetu ilikuwa kuwasumbua wakubwa kwa barua (ujasiri wetu ulikuwa wa barua). Mwaka huo tulikuwa na kesi ya wajane kumi na wawili ambao mashamba yao yalikuwa yameandikwa majina ya mashemeji. Ilikuwa isikizwe siku ya Jumatatu, na sisi ndio tungesimama kuwasemea, kwa sababu tulikuwa na cheti cha usajili ukutani na wao hawakuwa na chochote.

Katika wale saba alikuwepo Mzee Ndiritu wa Gathage, ndiye aliyeandika katiba ya chama kwa mkono wake, na aliweka kifungu kimoja nilichokichukia kimyakimya: kiongozi mmoja akifa, wote wanashuka, uchaguzi unaitishwa upya. Alipougua nilienda kumwona, mkewe yuko shambani, tukiwa wawili tu chumbani, akanishika mkono akasema, "Katibu, siku mtanifunika, andika barua kwa ofisi ya usajili siku hiyo hiyo. Usikalie hiyo kiti kama kuku iko na mayai."

Nikamwambia ndiyo, mzee. Baada ya wiki mbili tukamzika, sote sita tukatupa udongo, na barua sikuandika. Nilijiambia nitaandika wiki ijayo, wiki ijayo nikajiambia hivyo hivyo, na wenzangu waliponiuliza nikasema ilienda zamani. Kisha ofisi ya usajili ikatuandikia yenyewe: afisa atakuja Ijumaa kukagua, viongozi wote saba wawepo.

Hapo ndipo nilipopata ile akili yangu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Ndiritu wa Gathage alimzaa Gathage, Gathage akamzaa Ndiritu, na huyo mjukuu, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano huko Timau, jina lake kamili ni Ndiritu wa Gathage. (Bibi yake mwenyewe humwita "mzee wangu", ni desturi, mjukuu ni babu amerudi.) Nikajiambia huu hata si uwongo, nitaita jina, mwenye jina ataitikia, tumemaliza. Nikamwita aje, nikamwambia hana la kusema ila "niko".

Ijumaa hiyo ukungu ulishuka kutoka mlimani saa nane mchana, na kufika saa tisa hatukuona hata duka la ng'ambo ya barabara. Wenzangu walikuwa wamekaa, na kijana akaingia amevaa koti la kijivu la babu yake, lenye kiraka kiwikoni. Alisema bibi yake amempa kwa sababu ya baridi. Hakuuliza akae wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, akakivuta nyuma kidogo, akakaa, akaweka vidole viwili mezani, na hivyo ndivyo mzee alivyokuwa akikaa miaka yote tisa ya chama.

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Kariithi, akaniangalia. Nikamnong'oneza, "Mwenye jina amekuja." Wazee wakaangalia meza.

Afisa alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye miwani. Akaniomba nisome majina. Nikasoma mpaka nikafika pale. "Ndiritu wa Gathage."

"Niko."

Ilikuwa sauti ile. Nasema ile yenyewe, nzito, yenye kukwaruza mwishoni, ya mtu aliyevuta kiko miaka arobaini, na yule kijana hajawahi kushika hata sigara. Cherehani ya fundi wa duka la chini, iliyokuwa ikilia tangu asubuhi, ikanyamaza.

Afisa akatazama faili, akamtazama kijana. "Hapa imeandikwa miaka sitini na minane. Bwana Ndiritu, umri wako ni miaka mingapi?"

"Nikihesabu yote, imepita hiyo."

Afisa hakucheka. Akachomoa barua. "Hii mliiandika nyinyi, mkilalamika kwamba rejista ya wapiga kura imejaa majina ya watu waliokwisha kuzikwa. Sahihi hii ni yako, Bwana Katibu?"

Nikakubali ni yangu. Mtu mwenye akili angekomea hapo akasema ukweli, lakini mimi nikasema hiyo miaka ni makosa ya taipureta, ilitakiwa iwe ishirini na sita.

"Na katiba hii aliyoiandika miaka tisa iliyopita," akasema afisa, "aliiandika akiwa na miaka kumi na saba?"

Nikasema alikuwa mtoto mwerevu.

Kijana akageuka polepole kutoka dirishani. Macho yake hayakuwa yakimtafuta mtu, yalikuwa yameshanipata. "Katibu," akasema kwa sauti ile, "nilikwambia siku mtanifunika uandike barua siku hiyo hiyo. Nikakwambia usikalie hiyo kiti kama kuku iko na mayai."

Ndugu zangu, nilipiga magoti. Mimi, mzee wa kanisa, mwenye suti, nilishika pindo la koti la dereva wa trekta mbele ya serikali nikalia, "Nisamehe, mzee, barua sikuandika, niliwadanganya hawa wote, nilipenda tu kuitwa Katibu." Nilipoinua kichwa nikaona mlango uko wazi. Wale wajane walikuwa wamepanda ngazi kuja kutuuliza habari za Jumatatu, wote kumi na wawili, wamesikia yote.

Mmoja wao akauliza, "Sasa Jumatatu tutaenda na nani?"

Afisa alishusha cheti ukutani, taratibu, bila hasira, akasema tutakipata tukishafanya uchaguzi. Jumatatu wanawake wale walisimama peke yao, na waliposhindwa hakuna aliyekuja kuniambia. Nilisikia sokoni.

Ijumaa ile ile, kwenye ngazi, nilimshika kijana nikamuuliza ni nani aliyemwambia yale maneno. Alikuwa amevua koti, na sauti yake imerudi kuwa ya kijana. "Sijui, Katibu. Maneno ilikuwa tu kwa mdomo. Nikafikiri ati ni wewe ulinifundisha."

Nikaenda kwa bibi yake. Naye hakujua lolote, mumewe hakuwahi kumtajia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hakuniulizia?" Nikasema hapana, mama. Jibu hilo liliniuma kuliko hata yale magoti.

Sijashika tena kalamu ya chama chochote, na sitashika. Ila mwanangu wa kwanza amepata mtoto wa kiume, na mtoto ana jina langu. Kila akiletwa namweka mapajani, nafunga mlango, namsimulia yote, barua ambayo sikuandika, uwongo, na mashamba ya wale wanawake. Mama yake anadhani namwimbia. Nataka ayasikie kwangu nikiwa hai, yasije yakamtoka mdomoni siku moja mbele ya watu.