Siku Gakii Aliposhika Rimoti

Siku yangu ya kwanza kama mwalimu wa ndege, nilikuwa sijawahi kupanda ndege wala kuigusa. Nilikuwa fundi wa redio, nikifundisha umeme katika chuo kimoja cha ufundi pale Kianjokoma, na asubuhi hiyo nilikuta sanduku refu la karatasi juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na ndege ndogo ya mafunzo ya kuongozwa kwa rimoti, imelala vipande vipande. Mkuu wa Karakana alinieleza kwamba kampuni za kupima mashamba zimeanza kutafuta watu wanaojua vyombo vya kuruka, kwamba chuo kimepata kibali cha kuanzisha kozi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea nyaya nyembamba, kozi ni yangu. Nilicheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka, akaenda zake kunywa chai.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, na hata ninyi mnaodhani ni mchezo wa watoto. Kuunganisha ndege si kazi ngumu ukiwa na subira. Ndege ya mwanafunzi huwekewa bawa juu ya mgongo, si ubavuni, kwa sababu hapo hutulia hewani. Bawa lenyewe ni la ile foamu nyeupe inayokuja na televisheni mpya. Tumboni mna mota, betri, kipokezi ambacho husikia amri za rimoti, na sevo, yaani vijimota vinavyosukuma na kuvuta waya za mkia. Nilivipanga vyote jinsi kijitabu kilivyoonyesha mpaka nikafika kwenye bawa, na hapo ndipo Mkuu wa Karakana alipoanza kutikisa kichwa.

Bawa halifungwi kwa skrubu. Linashikwa na mipira myembamba, kama ile ya kufungia mboga sokoni, ikipishana kwa msalaba juu ya mgongo wa ndege. Mkuu wangu alikuwa ametumia ujana wake wote chini ya malori, na kwake kitu kilicholegea ni kitu kibovu.

"Kitu ya kwenda juu lazima ikazwe," akasema, akaagiza blada.

Blada ni mpira wa ndani ya gurudumu uliokatwa vipande virefu. Kwetu hakuna kisichofungwa kwa blada: magunia, mitungi ya maziwa kwenye pikipiki, hata mlango wa banda la kuku. Alilizungushia bawa blada mpaka foamu ikabonyea, kisha akapaka gundi kwa usalama zaidi. Kurusha alirusha yeye. Kila nilipojaribu kugusa rimoti alisema, "Leta hapa," nami nikaleta. Ndege ilikwenda vizuri kwa muda mfupi, ikayumba, ikagonga mlingoti wa goli. Bawa likakatika katikati kama muhogo.

Hapo ndipo tulipoelewa kazi ya ile mipira. Ndege ikigonga, mipira huachia, bawa likaruka kando likiwa zima. Tulikuwa tumeinyima ndege njia ya kuangukia. Mkuu wa Karakana aliokota vipande kimoja kimoja akaketi kwenye nyasi, ukungu wa mlimani ukimshukia. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa sana kitu kuumia, na mtu wa namna hiyo hukaza.

Nilihamishiwa Ruiri, na huko ndiko nilikojifunza kurusha. Ruiri ni kweupe, malisho hadi macho yachoke, lakini upepo wa mchana ni wa kutoa kofia. Msimamizi wa Mafunzo pale alikuwa mama mmoja mrefu, mkimya, mwenye koti zito la kijivu, na sikumbuki kumwona bila koti hilo. Alisema tutarusha asubuhi, kabla upepo haujaamka, au haturushi kabisa. Alinifundisha kuwasha rimoti kwanza, ndipo niunganishe betri ya ndege, na wakati wa kuzima nianze na ndege. Ukikosea utaratibu huo, mota inaweza kujiwasha yenyewe, na propela haijali kidole ni cha nani. Alinifundisha kuinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa nione kama imelala sawa. Ikiinua pua, betri inasogezwa mbele. Ikiinamisha pua, inarudishwa nyuma. Kila alichosema kilikuwa na sababu, na sababu aliitoa bila kuombwa.

Jambo lililonitoa jasho lilikuwa ndege kurudi. Inapokwenda mbali nawe, kulia kwako ni kulia kwake. Ikigeuka ije kwako, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako, na mkono unafanya kinyume cha kile macho yanachotaka. Niliiangusha ndege ile mara nyingi hata wachungaji wakawa wanahamisha mbuzi wakiniona nikija. Mwishowe yule mama akaniuliza kama nyumbani tuna migomba. Nikasema ipo. Akauliza mgomba wenye mkungu mzito ukiinama tunafanya nini. Nikasema tunaupigia nguzo upande ule ulioinamia. Akasema basi ndege ikija kwako, angalia bawa lililoshuka, na kijiti cha rimoti ukipeleke upande huohuo, kama unalipigia nguzo. Tangu siku hiyo mkono wangu haukupotea tena. Nimefundisha watu wengi, na wote nimewapitisha kwenye mgomba ule.

Lakini kikubwa alichonipa ni mikono yake. Kila nilipokuwa narusha alisimama nyuma yangu, mikono yote miwili ndani ya mifuko ya koti. Nilidhani ni baridi. Siku moja ndege ilianza kujizungusha kuelekea chini, nikamgeukia nikitaka aichukue rimoti. Hakutoa mkono.

"Mikono yangu ikiwa nje itakunyang'anya," alisema. "Achilia vijiti. Hii ndege inajua kujinyoosha kukushinda."

Niliachilia. Ndege ikayumba kidogo, ikajinyoosha, ikaendelea na safari yake kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiisumbua. Nilihisi furaha ambayo sijui niiandike vipi. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nami nikaizungusha tena juu ya malisho kama mtoto asiyetaka kurudi nyumbani.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kangeta, na hapo ndipo kazi yangu nzima ilipowekwa kwenye mizani. Chuo kilikuwa na ndege moja tu. Kiwanja chake ni kidogo, soko la miraa, ile mirungi ya kutafunwa, linanguruma upande mmoja, na pande zingine ni mashamba ya miraa yenyewe. Mkuu wa Chuo, bwana mpole aliyependa mambo yaeleweke, aliniita nilipokuwa nimekaribia kustaafu. Akaniambia kama sitaacha mwalimu anayejua kurusha, atafunga kozi na ndege itaingia stoo. Walimu wa kiume walisema wana shughuli. Aliyejitokeza alikuwa Gakii, mwalimu wa ushonaji.

Gakii hakuja kwa mchezo. Darasa lake la ushonaji lilikuwa limebaki na wanafunzi wa kuhesabika, maana watu wananunua mitumba, na alikuwa ameshaambiwa kwamba asipopata kozi nyingine ya kufundisha, mkataba wake hautaendelea. Alikuwa mjane mwenye watoto shuleni. Aliniambia hayo yote siku ya kwanza, bila machozi, huku akiziba ufa kwenye bawa kwa utepe kwa unadhifu ambao mimi sikuwahi kuufikia. Nilimpenda kama dada mdogo tangu siku hiyo, na nikaanza kumwogopea.

Alijifunza haraka kila kitu cha mezani. Hewani alikaza. Alivishika vile vijiti kama anashika mkasi kwenye kitambaa kigumu, na ndege ikawa inaruka kwa mikikimikiki. Asubuhi aliyopangiwa kurusha peke yake Mkuu wa Chuo alikuja kutazama, akasimama kando ya uzio. Mimi nilivaa koti langu kubwa, nikatia mikono mifukoni, nikakunja ngumi.

Alipaa vizuri. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri. Katika wa pili ndege ilipogeuka kuja kwetu, mkono wake ukapotea. Bawa lililokuwa kushoto kwetu likashuka, naye akavuta kulia, likazidi kushuka, na ndege ikakata kuelekea miraa ya Mzee M'Ithinji, jirani yetu. Kila mshipa wa mikono yangu ulitaka ile rimoti. Nilisema tu, "Achilia, mwalimu." Aliachilia, lakini alichelewa. Ndege ilijinyoosha sawasawa, kisha ikaingia moja kwa moja kwenye mti mkubwa kuliko yote, ule wa zamani ambao Waigembe, wenyeji wa Kangeta, huuita mbaine na kuuheshimu kama mzee wa ukoo.

Mkuu wa Chuo alitazama chini. Mimi nilishavuka uzio kwa mguu mmoja Gakii aliponishika koti.

"Usiingie, mwalimu. Hapa mtu haingii kwa miraa ya wenyewe kama mwenyewe hayuko. Utaitwa mwizi."

Mimi ni Mwembu, mtu wa majani chai. Kwetu ukiangusha kitu katika shamba la jirani unakifuata, halafu unaomba radhi. Nilirudisha mguu wangu, tukasimama pale mpakani tukimsubiri mwenye shamba. Gakii aliutazama ule mti. Nilijua hafikirii ndege, anafikiria karo.

Mzee M'Ithinji alikuja polepole, panga kwapani, shavu limejaa miraa. Tulimwamkia kwa heshima zote. Akautazama mti, akatutazama sisi, akauliza ni nani ameangusha hiyo kitu kwa mti wa babu yake. Nilifungua mdomo nijibu, kwa kuwa mwanafunzi akikosea ni mwalimu aliyekosea. Gakii akanitangulia.

"Ni mimi, baba."

Mzee akautazama tena mti. "Mama hapandi juu ya miraa," akasema, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi yao.

"Najua, baba. Ndiyo maana nimesimama hapa."

Nadhani ni jibu hilo lililomgeuza. Alivua viatu, akampa Gakii panga ashike, akapanda mwenyewe kwa taratibu za mtu anayejua kila tawi. Tulisikia akinung'unika huko juu, kisha akaanza kucheka. Alishuka na kiwiliwili cha ndege kwapani. Bawa lilikuwa limeanguka lenyewe chini ya mti, maana mipira ilikuwa imeachia, na halikuwa na hata mkwaruzo. Aliligeuza huku na huku akitafuta palipovunjika.

"Hii kitu ni nzima," akasema kwa mshangao. "Basi rudisha juu. Na mimi nataka kuiona ikienda."

Mkuu wa Chuo aliinua macho. Gakii alikagua waya moja moja, akalifunga bawa kwa mipira msalaba kwa msalaba, akaangalia mizani kwa vidole viwili. Safari hii sikumwambia lolote. Alipaa. Ndege ilipogeuka kuja kwetu, bawa likashuka, nikakiona kidole gumba chake kikienda upande uleule, taratibu, likainuka. Alizunguka juu ya soko na kurudi, akapunguza mota, ndege ikateleza hadi kwenye nyasi na kusimama miguuni pa Mzee M'Ithinji. Mzee aliitazama kama ndama aliyezaliwa zizini mwake. Nilipotoa mikono mifukoni, kucha zilikuwa zimeacha alama viganjani. Nililia, wala sioni aibu kuandika hivyo.

Kozi haikufungwa. Nilistaafu nikarudi Kianjokoma, kwenye chai yangu na ndizi zangu. Wengi huuliza mstaafu anakosa nini. Mimi nakosa ile harufu ya betri mpya na ubishi wa asubuhi kama upepo unatoka wapi. Pia macho yangu yameanza kuota utando, daktari amesema ni wa umri, na vitu vya mbali naviona kwa kukisia.

Hivi majuzi nilikwenda Kangeta kuwasalimu. Gakii ana wanafunzi wengi sasa, na Mzee M'Ithinji amewaruhusu kuingia kwake wakiangusha ndege, mradi wapige hodi kwanza. Waliniheshimu kwa kunipa rimoti nifungue siku. Nilipaa vizuri kama zamani, nikazunguka, nikafurahi. Ndege ilipogeuka kuja kwetu nikaona doa jeupe tu mbele ya wingu jeupe. Sikujua ni bawa lipi limeshuka. Nilivuta kulia, nikavuta kushoto, vidole vikakaza, nikageuka kumtafuta Gakii nimkabidhi ile rimoti.

Alikuwa nyuma yangu, amevaa koti, mikono ndani ya mifuko. Hakuitoa.

"Achilia, mwalimu," akasema.