Fundi keki aliyeficha insulini kwenye boksi la vanila

Jua limeshapanda na bekari nzima inanukia siagi. Kwenye meza ya bati karibu na dirisha, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja ameinamia keki ya ghorofa mbili kama daktari anayesikiliza mapigo ya moyo. Anaminya mfuko wa krimu, na herufi zinateremka moja moja: "Karibuni Nyumbani Mapacha". Akimaliza, halambi kidole. Anakifuta kwa taulo, kisha anamwita mwenzake wa upande wa pili.

"Dada, njoo uonje."

Mpishi wa tanuri, mama mwenye mabega ya kubebea magunia, anakuja na kijiko chake mwenyewe. Anaonja, anafumba macho, anaonja tena. Anapotaka mara ya tatu, fundi anavuta bakuli.

"Ladha haibadiliki hata ukilimaliza," anamwambia.

"Kazi ya watu hii," anajibu mama. "Niache niifanye kwa uangalifu."

Fundi huyu hapa kazini anaitwa Kalamu, kwa sababu ya mwandiko. Amepamba keki kwa miaka kumi na minne, na kwa sita ya mwisho hajui zina ladha gani. Ana kisukari, kile cha kujidunga insulini asubuhi na jioni. Kazi zote duniani, ugonjwa ukamfuata hukuhuku kwenye sukari.

Kwa muda mrefu hakumwambia mtu. Wenzake walidhani anaringa, maana hakuonja keki kamwe. Insulini aliihifadhi kwenye friji ya krimu, ndani ya boksi tupu la vanila, mpaka siku mama wa tanuri alipokwenda kutafuta vanila.

"Nilifungua, nikafunga," anasimulia mama. "Kesho yake nikaja na kijiko changu. Hatukuliongelea."

Lakini mwandiko ndio uliomponza. Kila mwaka mwajiri huleta fomu za bima ya afya, na mwaka wa kwanza nusu zilirudishwa kwa sababu hakuna aliyeweza kuzisoma. Tangu hapo wafanyakazi wote ishirini na wawili huzunguka meza ya Kalamu wakati wa chai. Yeye husoma swali kwa sauti, mwenye fomu hujibu, naye huandika.

Swali la tisa linauliza kama una ugonjwa wowote sugu. Mwaka jana kila mtu alisema hapana. Fomu ya Kalamu ilikuwa ya mwisho, na watu walikuwa bado wamesimama na vikombe mkononi. Alijisomea swali, akajijibu mwenyewe: hapana.

"Na niliiandika vizuri," anasema, akijicheka. "Ile H ilikuwa na mkia."

Aliogopa kuhamishiwa stoo kupakua unga. Kisha akachagua kadi ya bima ya kijani, yenye makato madogo ya mshahara, kwa sababu wote waliichagua. "Tulichagua kama mtu anavyochagua soda, kwa rangi," anasema.

Mwezi wa saba trei ya moto ilimwangukia mguuni, kidonda kikagoma kupona. Alilazwa siku nane. Kampuni ya bima ikaomba faili lake la kliniki, ikakuta miaka mitano na ushee ya kisukari, ikakataa kulipa. Friji ambayo mkewe aliuzia barafu ikauzwa, na hiyo ndiyo iliyomtoa hospitali.

Mkewe hakugombana naye. Alimwambia tu, "Baba, una mwandiko mzuri sana wa kuandikia uongo."

Baya zaidi, daktari anataka macho yake yapimwe kila mwaka, kwa kuwa kisukari huyala polepole. Kwa kukosa uwezo ameruka miaka miwili. Sasa herufi ndogo zinamsumbua ifikapo alasiri. "Jicho likienda, mwandiko umekwenda," anasema. "Na mimi bila mwandiko ni mtu wa kupakua unga tu."

Ndiyo maana mwaka huu kijitabu cha bima, kurasa arobaini na sita, alikipeleka kwa nesi wa kliniki anayemfahamu tangu siku ya kwanza. Walikisoma pamoja, nesi akichora mistari kwa kalamu nyekundu na kumpiga nacho begani kila alipofika palipomgharimu. Kadi ya kijani hailipii dawa za ugonjwa sugu mpaka usubiri mwaka mzima. Ya bluu inalipia tangu mwezi wa kwanza: insulini, vijiti vya kupimia sukari, na macho. Kliniki yake wameikuta kwenye orodha, ukurasa wa thelathini na moja.

Makato ya bluu ni mshahara wa siku mbili kila mwezi. Dawa za kununua mwenyewe zilikuwa zinameza siku tano.

"Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza," anasema mkewe. "Kilichobaki kilikuwa mdomo wake." Kwani sharti la kadi ya bluu ni moja: ugonjwa uutaje kwenye fomu. Ukiuficha, hawalipi.

Alhamisi iliyopita, siku moja kabla ya fomu kufungwa, Kalamu aliandika za wenzake ishirini na mmoja. Alipofika kwenye yake, mkono ukasimama. Mama wa tanuri akamnyang'anya kalamu, akakaa mbele yake na kusema leo anaandika yeye. Watu wakacheka, maana mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga wino. Akauliza jina, akauliza umri, kana kwamba hamjui. Akafika la tisa, akalisoma taratibu.

"Ndiyo," alisema Kalamu. "Kisukari. Mwaka wa sita huu."

 Dereva wa gari la mikate akaweka kikombe chini: "Kumbe. Na sisi miaka yote tunasema fundi anajisikia."

Mkandaji wa unga, jitu la futi sita, akasogea na kuomba fomu yake. "Hiyo tisa yangu isahihishe, kaka," alinong'ona kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Presha." Dada wa kaunta akafuata: pumu, na nyuma yake wengine wawili. Chai ilipoa, fomu nne zikaandikwa upya.

Na bosi? Afisa utumishi alimhakikishia Kalamu kuwa fomu ni siri, lakini bekari haina siri. Bosi alipopata habari alishangaa kitu kimoja tu. "Miaka sita nina fundi asiyekula mali yangu," alisema, "halafu nimpeleke stoo?"

Kadi inaanza kazi tarehe mosi. Tarehe tatu Kalamu ana miadi ya macho, na mkewe ameshasema atamsindikiza asije akaghairi njiani. Anaomba aambiwe ni miwani tu.

"Bado miaka kumi na tisa nistaafu," anasema, akifunga mfuko wa krimu. "Keki ya kuniaga nitaiandika mwenyewe. Sitaki watu waniharibie jina."