Mluzi Kutoka Zongwe

Nimerudi Kalemie kumuuguza mama. Jana radi zilipiga ziwani mchana kutwa, na redio ya FM ya nyumba ya pili ikaendelea kuimba bila kukwaruza hata kidogo. Nilikuwa nimechoka, ndugu yangu, lakini ule mkwaruzo wa zamani niliukumbuka.

Nilipokuwa mtoto, redio ya nyanya yangu ilikuwa ya mawimbi ya kati. Sauti yake ilibebwa na nguvu ya wimbi, na kwa kuwa radi nayo ni nguvu, iliingia na habari kama mchanga katika bukari, ugali wetu. FM husoma kasi ya mtetemo tu, ndiyo maana ni safi. Ila haikuvuka vilima. Mwenye ndugu mbali alikwenda kwa mama jirani, mwenye foni, redio ya kuzungumza na vijiji vya pwani.

Siku moja baba alikwenda Zongwe kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Dhoruba ikaamka, na sokoni wakasema mtumbwi umepinduka. Mama aliacha mboga ya sombe motoni, akanishika mkono, tukakimbia kwa jirani.

“Zongwe, Zongwe, nasikiliza!” jirani akaita kwenye foni.

Ikajibu sauti nyembamba kama ya bata, ikazama katika mvumo. Tulisikia “ame…” tu. Amefika, au amezama?

“Amesema nini?” mama akauliza.

“Sikusikia, dada. Nikikudanganya ni zambi.” Jirani akatuma mtu aombe mashine ya kusaga izimwe, maana nayo ilikuwa inachafua mawimbi ya foni. Wanawake waliokuwa na mihogo yao wakangoja bila kunung’unika. Mvumo ukapungua, lakini maneno hayakutoka.

Jirani alikuwa na msemo wake: “Maneno ni manene, yanakwama mlangoni. Muluzi ni mwembamba, unapita.” Akainama kwenye foni. “Zongwe, acha maneno! Kama yuko muzima, piga muluzi murefu. Kama hapana, mifupi mifupi.”

Tukangoja. Kisha ndani ya ule mvumo ukaja mluzi mmoja, mrefu, mwembamba kama uzi. Mama akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Baba alirudi akinuka samaki, akagombezwa hadi jioni.

Vita vilipokuja, jirani alikimbilia upande wa Kabalo, hatukupata habari zake tena. Kibanda chake sasa kinauza vocha za simu. Baba alifia hospitali ya Lubumbashi. Habari ililetwa na simu, sauti safi kabisa, hakuna neno lililopotea.

Mama alimwomba aliyepiga arudie.